Picha chini ya chokaa: uchambuzi wa kisa cha kanisa la Mtakatifu Teilo, Wales

Kisa chenyewe na kwa nini kinatuhusu

Kusini mwa Wales, kando ya mto Llwchwr na karibu na mji mdogo wa Pontarddulais, palikuwa na kanisa la parokia la Mtakatifu Teilo, mahali panapoitwa Llandeilo Tal-y-bont. Leo jengo hilo liko St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, kama kilomita 60 kutoka lilipojengwa, ndani ya makumbusho ya taifa ya historia. Ukiingia unakuta kuta zimejaa rangi nyekundu, manjano na nyeusi, na mtakatifu mmoja mkubwa karibu sawa na mtu mzima akikutazama unapovuka kizingiti. Picha za asili za kanisa hilo zilifunikwa kwa chokaa karne ya 16 na hazikuonekana tena hadi 1984.

Nimeandika uchambuzi huu kwa ajili ya watu wanaokabidhiwa majengo ya ibada ya zamani: kamati za ujenzi, mapadri na maimamu, wahandisi, wanafunzi wa usanifu majengo. Kanisa na makumbusho ni vitu vya umma, kwa hiyo nimevitaja. Waumini, mafundi na maofisa waliokuwa kazini nimewaacha bila majina, kwa kuwa kinachofundisha hapa ni maamuzi yao. Swali kubwa la kisa ni gumu na halikwepeki: jengo lenye tabaka za karne saba likiwa mikononi mwako, na huwezi kuonyesha tabaka zote kwa pamoja, unachagua ipi na kwa haki gani?

Usuli: jengo lililokua kidogo kidogo

Teilo alikuwa askofu wa karne ya 6, mmoja wa wale watawa walioieneza imani katika mabonde ya Wales muda mrefu kabla ya Wanormani kuvuka mpaka. Makanisa mengi ya kusini yana jina lake. Hili la kando ya Llwchwr lilikaa kwenye ardhi tambarare ya kinamasi, mahali ambapo bahari ikijaa maji hupanda mtoni na kuzunguka malisho. Kwa miguu kulifikia siku za mafuriko ilikuwa kazi.

Sehemu zake za kale zaidi, yaani ukumbi wa waumini na patakatifu upande wa mashariki, zinadhaniwa kuwa za karne ya 12 au ya 13. Baadaye ziliongezwa kapela za pembeni, na kufikia mwisho wa zama za kati kulikuwa na ukumbi wa pili upande wa kusini pamoja na baraza dogo la kuingilia. Kuta ni za mawe ya kuokota, yasiyochongwa, yamepangwa kwa udongo na chokaa. Mnara hakuna, kengele ilikaa kwenye kibanda kidogo juu ya ncha ya ukuta wa magharibi. Hakukuwa na msanifu aliyelichora lote kwa mara moja. Kila kizazi kiliongeza kile kilichoweza kulipia, na ndiyo maana hakuna pembe mbili zinazolingana sawasawa. Makanisa mengi ya vijijini Wales yako hivyo, na mimi naona uzuri wao mkubwa uko hapo hapo.

Ndani, kabla ya Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi ya karne ya 16 yaliyowatenga Waprotestanti na Roma, kuta zilikuwa zinasema. Misa ilikuwa kwa Kilatini, na wakulima na wavuvi wengi hawakujua kusoma. Picha za Mateso ya Kristo ziliwapitisha hatua kwa hatua. Mtakatifu Kristofa, aliyembeba Mtoto Yesu mabegani akivuka mto, alichorwa mkubwa mahali ambapo anayeingia atamwona mara moja, kwa sababu watu waliamini kwamba aliyemwona Kristofa leo hatakufa ghafla leo. Kwa parokia iliyoishi na mto unaojaa na kupwa, hiyo haikuwa imani ya pembeni. Kati ya waumini na madhabahu kulisimama kiambaza cha mbao kilichochongwa, chenye roshani juu yake, na juu ya roshani msalaba mkubwa ukiwa na Maria na Yohana kila upande.

Halafu mambo yaligeuka. Henry wa Nane alijitenga na Roma miaka ya 1530, na chini ya mwanawe Edward wa Sita, kuanzia 1547, ikaja amri ya kuondoa sanamu na picha makanisani. Kuta zikapakwa chokaa. Mwaka 1563 Bunge likaagiza Biblia na kitabu cha sala vitafsiriwe kwa Kiwelisi. Agano Jipya na kitabu cha sala vilitoka 1567, Biblia nzima iliyotafsiriwa na William Morgan ikatoka 1588. Juu ya chokaa ile ile iliyowafunika watakatifu, maandiko yakaanza kuandikwa kwa lugha ambayo watu walizungumza nyumbani. Kisha chokaa nyingine, na maandishi mengine juu yake, vizazi kwa vizazi.

Karne ya 19 reli ilifika Pontarddulais, vikafuata viwanda vya mabati, na watu wakahamia mjini. Wengi wao walikuwa wanasali kwenye kapela za madhehebu huru. Sensa ya ibada ya 1851 ilionyesha wazi kwamba Wales sehemu kubwa ya waliokwenda ibadani walikwenda huko na si kwenye kanisa rasmi la dola. Waanglikana, yaani waumini wa kanisa hilo la dola, nao wakajenga kanisa jipya mjini katikati ya karne hiyo. Lile la zamani likabaki peke yake kinamasini, likifunguliwa mara chache kwa mwaka.

Kutelekezwa huko ndiko kulikoliokoa. Katika miaka hiyo hiyo, makanisa kwa mamia Wales na Uingereza yalikuwa yanafanyiwa ukarabati mkubwa: lipu ya kale ilikwanguliwa hadi kwenye jiwe, sakafu ikawekwa vigae vya kiwandani, viti vya zamani vikatupwa. Ndiyo sababu William Morris na wenzake walianzisha mwaka 1877 chama cha kulinda majengo ya kale, wakipinga kile walichokiita kukwangua. Kanisa la Teilo halikukwanguliwa, kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kulitumia pesa.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Ibada zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jengo likafungwa. Kwa muda paa lilihimili, na kuta za chokaa zilikauka kila majira ya joto.

Mwaka 1984 wezi walichukua vigae vya jiwe vya paa. Vigae hivyo vina soko, na kanisa liko mbali na nyumba za watu. Kuanzia hapo mvua za magharibi, ambazo si za kubahatisha, ziliingia moja kwa moja hadi kwenye lipu. Ukuta wa mawe ya kuokota hutegemea kufunikwa juu; maji yakishaanza kushuka katikati yake, udongo unaoshikilia mawe hulainika na kuoshwa, na ukuta hutanuka tumbo hadi uanguke.

Makumbusho ya St Fagans yalikuwa tayari na uzoefu wa kuhamisha majengo tangu yafunguliwe 1948. Yalikuwa na nyumba za wakulima, karakana, hata kapela ya Pen-rhiw ya mwaka 1777. Kanisa la parokia la zama za kati hayakuwa nalo. Kanisa la Wales, la Kianglikana, lilikubali kulitoa jengo, na kazi ya kulipima na kulivunja ikaanza.

Hapo ndipo rangi zilipojitokeza. Mahali ambapo mvua ilikuwa imelegeza chokaa, mistari ya rangi ilionekana chini yake. Ukivunja kipande kidogo cha lipu kama hiyo na kukitazama ubavuni kwa kioo cha kukuzia, unaona tabaka zimelaliana kama kurasa za daftari: nyeupe, nyeupe ya kijivu, alama ya herufi nyeusi, nyeupe tena, halafu chini kabisa wekundu wa udongo. Kila ukurasa ni kizazi. Wahifadhi walianza kuzifungua kwa visu vidogo vya upasuaji, na kilichotokea kilibadilisha mradi wote. Alikuwepo Mtakatifu Kristofa. Alikuwepo Mtakatifu Katarina, katika tabaka la zamani zaidi. Walikuwepo askari wakimdhihaki Kristo, nyuso zao zikiwa zimekunjwa kwa chuki. Sehemu kubwa ya picha hizo ni za mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, yaani vizazi viwili au vitatu tu kabla ya chokaa ya kwanza. Juu yake yalikuwepo maandiko ya Kiwelisi ya karne zilizofuata.

Kuvunja kukasimama kusubiri kazi ya kurekodi. Kila tabaka lilipigwa picha na kuchorwa kabla ya kuguswa lililo chini yake. Kisha picha zenyewe ziliondolewa ukutani na kuhifadhiwa. Mawe yakaorodheshwa na kusafirishwa. Kanisa likafunguliwa upya Oktoba 2007, zaidi ya miaka 20 baadaye. Aliyelifungua ni Rowan Williams, mzaliwa wa Swansea, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulihamisha. Njia nyingine zilikuwepo: kuezeka upya na kuliacha pale, au kuliacha liwe gofu lililotunzwa. Lakini jengo lisilo na waumini, lisilo na jirani, kwenye ardhi inayofurika, lingeezekwa leo na kuibiwa vigae kesho. Azimio la Venice la 1964, ambalo wahifadhi wa majengo duniani kote bado wanalirejea, linasema jengo la historia halitengani na mahali lilipo, na kwamba kulihamisha kunaruhusiwa pale tu ambapo usalama wake unadai hivyo, au pakiwa na maslahi makubwa mno ya kitaifa au kimataifa. Kwa maoni yangu sharti la usalama lilitimia.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuzitoa picha ukutani. Hapa hapakuwa na hiari. Ukuta wa mawe ya kuokota hauhamishiki kama ulivyo. Ukiuvunja unabaki na lundo la mawe na udongo. Mawe yaliyochongwa ya madirisha, milango na matao ndiyo yanayoweza kurudi mahali pake barabara. Yaliyobaki yanajengwa upya kwa mikono mipya na chokaa mpya. Namna ya kuiokoa picha ya ukutani ni kuibandika karatasi nyembamba au kitambaa kwa gundi inayoyeyuka, kuikata kwa nyuma pamoja na lipu yake, kisha kuilaza kwenye fremu na kuipa mgongo mpya. Ni kazi ya pumzi za kubana. Kila mara kinapotea kitu kidogo kingoni.

Uamuzi wa tatu ndio uliozua mjadala, na ndio hasa ulionifanya niandike. Jengo lisimamishwe lionekane vipi? Lilipofungwa miaka ya 1970 lilikuwa kanisa jeupe la Kiprotestanti, lenye viti vya kuzungushiwa ubao na vijilango vyake, na maandiko chini ya chokaa. Hilo ndilo kanisa ambalo wazee wa Pontarddulais walibatizwa na kufungiwa ndoa. Makumbusho yalichagua lionekane kama lilivyoweza kuwa kati ya 1500 na 1530, karibu kabisa na ukingo wa Matengenezo. Sababu zao zilikuwa nzito. Picha za kipindi hicho zilikuwa zimepatikana kwa wingi usio wa kawaida kwa Wales. Makanisa meupe yenye viti vya ubao bado yapo mengine nchini. Kanisa la Kikatoliki la kijijini lenye rangi zake zote, hakuna hata moja lililobaki zima.

Wa nne ulitokana na wa tatu. Picha halisi zilikuwa dhaifu mno kurudishwa kwenye ukuta wenye unyevu na wageni, kwa hiyo zilibaki katika hifadhi ya makumbusho, na wachoraji wakachora upya kwenye lipu mpya kwa rangi za asili, udongo mwekundu na wa manjano, masizi na chokaa. Palipokuwa na mapengo walitazama makanisa mengine ya kipindi hicho. Maseremala walichonga kiambaza na roshani upya kwa mfano wa vile vichache vilivyosalia Wales, kama kile cha Patrisio kule milimani.

Matokeo

Wageni wanashtuka, na mshtuko huo una thamani. Watu wengi, hata waumini wa kudumu, wamezoea kufikiri kwamba kanisa la kale ni jiwe tupu na giza. Hapa wanaona kwamba jiwe tupu ni mtindo wa karne ya 19, na kwamba waliojenga nyumba hizi walipenda rangi kama vile tunavyozipenda sisi.

Faida nyingine haikutarajiwa na wengi. Miaka michache baada ya kufunguliwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor walilitumia jengo kuendesha ibada za Kilatini za kabla ya Matengenezo, wakiwa na mavazi, nyimbo na kinanda kilichotengenezwa kwa namna ya wakati huo. Vitabuni unaweza kusoma kwamba kiambaza kiliwatenga waumini na madhabahu. Ukisimama pale ukumbini ibada ikiendelea unagundua kwamba kinakuchagulia cha kuona: kupitia matundu yake unaona mkono wa padri ukiinuka na mwanga wa mshumaa, na sauti inakufikia kutoka juu. Hayo hayawezi kujaribiwa kwenye gofu wala kwenye picha.

Na kuna waliopoteza. Makaburi yalibaki kinamasini bila kanisa lao. Maandiko ya Kiwelisi, ushahidi wa jinsi lugha ya watu ilivyoingia ukutani baada ya karne za Kilatini, hayana nafasi katika jengo lililorudishwa kwenye sura ya mwaka 1530.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa kuliko vyote ni kusimama na kurekodi. Mradi ulikuwa na sababu zote za kuharakisha: paa halipo, mvua inanyesha, ukuta unatanuka. Waliokuwa pale walikubali kuchelewa, na kwa sababu hiyo hata tabaka zilizoondolewa zipo katika michoro na picha. Kamati nyingi ninazozifahamu zingepiga nyundo kwanza.

Cha pili ni uaminifu wa tarehe. Makumbusho hayadai kwamba hivi ndivyo kanisa lilivyokuwa. Yanasema ni namna lilivyoweza kuwa katika miaka fulani, na kwamba picha zilizo ukutani ni nakala. Azimio la Venice linataka ukarabati usimame pale kubahatisha kunapoanza. Kwa kipimo hicho kikali, roshani na sanamu zake zimevuka mstari. Naona kuvuka huko kunavumilika kwa sababu moja tu: jengo lilikuwa tayari limetoka mahali pake, ukuta wake wa asili ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na ushahidi wa asili umewekwa salama pembeni. Kilichojengwa St Fagans ni funzo la ukubwa wa jengo kamili, na kinajitambulisha hivyo.

Sharti hilo likikosekana, jibu linabadilika, na mfano uko mwendo mfupi kutoka hapo. Katika kanisa la Mtakatifu Cadoc, Llancarfan, mstari mwembamba mwekundu ulionekana kwenye chokaa. Kuanzia 2008 wahifadhi walifungua ukuta taratibu, wakampata Mtakatifu George na joka, dhambi saba zinazoua, na Mauti akimshika mkono kijana aliyevaa kifahari. Kanisa hilo lina paa, lina waumini, ibada zinaendelea. Kwa hiyo picha ziliachwa hapo hapo zilipochorwa, zikiwa na makovu yake, na hakuna aliyejaza mapengo kuzifanya zionekane mpya. Nchi moja, aina moja ya ugunduzi, miaka 24 tu katikati, na maamuzi mawili yanayopingana. Yote mawili naona yalikuwa sahihi, kwa kuwa hali ya jengo ndiyo iliyotofautiana.

Kilichokwama zaidi kwa Teilo kilitokea kabla makumbusho hayajaingia. Kati ya ibada ya mwisho na wizi wa vigae kulipita zaidi ya miaka kumi ambapo paa lilikuwepo, na hapakuwa na mpango wowote wa nani alikague. Gharama ya kulilinda paa miaka hiyo haiwezi kulinganishwa hata kidogo na gharama ya miaka 20 iliyofuata.

Kuhusu maandiko ya Kiwelisi, bado sijashawishika kwamba yalipata haki yake. Ningependa kuona angalau ubavu mmoja wa ukuta ndani ya jengo ukiachwa na tabaka zote zikionekana kwa ngazi, kutoka Katarina hadi amri kumi hadi chokaa ya mwisho, ili mgeni aone kwamba waliofunika nao walikuwa waumini wenye jambo la kusema.

Kwa walio na majengo yao wenyewe

Makosa ya kawaida tunayoyafanya huku Afrika Mashariki yako kinyume na ya Wales: wao walikwangua, sisi tunafunika kwa saruji. Mji Mkongwe wa Zanzibar na misikiti ya kale ya pwani imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: unyevu ulioingia ukutani hutoka kupitia lipu. Saruji huuziba. Maji yenye chumvi yakikosa pa kutokea hukaukia nyuma ya lipu, chumvi huganda, na baada ya masika machache lipu yote hubambuka ikiwa imeshikamana na kilichokuwa chini yake, iwe ni rangi, maandishi au nakshi. Kwa hiyo fundi akikuambia ukuta wa zamani unahitaji kupigwa lipu upya, mwombe kwanza akatie kipande kidogo kama kiganja mahali pasipoonekana, mtazame ubavu wake pamoja kwenye mwanga wa jua, na mpige picha hata kama hamwoni kitu. Ikitokea rangi yoyote chini ya chokaa, kazi isimame siku hiyo hiyo, paa lifunikwe kwa turubai kama linavuja, na aitwe mtu wa mambo ya kale kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.